Unguja: Siku moja ya kutembea na Wakongomani, kutoka nyumba ya Tippu Tip mpaka soko la watumwa

Ni siku ya posho, saa moja ya asubuhi haijatimia. Kwenye bandari ya Dar es Salaam, Wakongomani kumi na mmoja wanahesabiana mbele ya kupanda bato ya kwenda Unguja. Kuna wachuuzi wa nguo wa Uvira na Bukavu, mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge, wanafunzi wawili wa Goma, fundi wa simu kutoka Lubumbashi, na muzee mmoja, mwalimu wa pansheni, mzaliwa wa Kasongo katika jimbo la Maniema, aliyekuja Dar kumsalimia mtoto wake. Mimi mwandishi ni wa kumi na mbili.

Wengi wao wanajuana kupitia biashara ya Kariakoo na likelemba. Kila mwezi kila mtu anatoa makuta yake, mmoja anapokea yote. Mwaka huu walikubaliana kuweka kidogo pembeni, watembee pamoja siku moja, wasahau bei ya kontena na matatizo ya nyumbani. Bahari walikuwa wanaiona kila siku kutoka Dar, lakini kwenye kisiwa karibu wote walikuwa hawajafika.

Safari ni ya masaa mawili hivi. Mama wa Butembo alibeba mandazi ya kutosha kikundi chote. Vijana wa Uvira walijisifu kwamba wamezaliwa kando ya ziwa Tanganyika, maji hawayaogopi. Ndio waliokuwa wa kwanza kuomba mifuko ya kutapikia. Muzee wa Kasongo alikaa dirishani, kofia magotini, bila kusema neno.

Kwenye bandari ya Malindi, hata kama Unguja ni sehemu ya Tanzania, mgeni anaonyesha paspoti. Inje alikuwa anatungojea mwongozaji, kijana mzaliwa wa kisiwa, kitambulisho cha kazi shingoni.

– Karibuni Unguja. Nawasikia mnavyozungumza. Kiswahili chenu nakifahamu, ila kina mwendo wake.

– Njo ya kwetu ile, mutoto yangu, alijibu mama wa Butembo. Utaizobelea.

Wote wakacheka, na matembezi yakaanza.

Mwenye kukopesha

Mji Mkongwe si mkubwa. Mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu siku moja, bila gari, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na gari nyingi haziwezi kupita. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, milango imechongwa maua na minyororo. UNESCO iliuandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000.

Nyumba ya kwanza tuliyosimama mbele yake iko karibu na bandari. Ina roshani za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha kufuma. Wenyeji wanaiita Dispensari ya zamani. Aliyeanza kuijenga mwaka wa 1887 ni Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya India. Alifariki mbele haijaisha. Kazi ilimalizika mwaka wa 1894.

Wengi walikuwa tayari wanatoa simu kupiga picha. Mwongozaji akawazuia kidogo.

– Huyu bwana ana habari na kwenu. Misafara ya kwenda bara ilihitaji mtaji: nguo, shanga, bunduki, baruti. Tharia Topan alikuwa miongoni mwa waliokopesha. Tippu Tip alikuwa mteja wake.

Wachuuzi wa Kariakoo walisikiliza sana hapo, maana deni ni jambo wanalolijua. Mwongozaji alieleza namna mambo yalivyokwenda. Mwenye msafara anachukua mali kwa mkopo huku pwani, anaenda bara miaka kadhaa, anarudi na pembe za tembo, analipa na faida. Pembe hazitembei zenyewe. Zinahitaji mabega. Mkopo ulioandikwa kwenye daftari la Unguja ulilipwa na watu wa Maniema ambao hawakuwahi kuliona daftari hilo.

– Kumbe deni lilianza hapa, alisema fundi wa Lubumbashi.

Pembe za kwetu, piano za kwao

Tukafuata barabara ya kando ya bahari mpaka Forodhani. Kuna jumba la kifalme, kuna Ngome Kongwe iliyojengwa na Waomani kisha kuwafukuza Wareno mwisho wa karne ya 17, na kati yao Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka wa 1883. Lilikuwa nyumba ya kwanza kisiwani kupata umeme. Tarehe 25 desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha.

Wanafunzi wa Goma waliuliza utajiri wa kujenga majumba kama haya ulitoka wapi. Jibu liko sehemu mbili. Moja ni karafuu, iliyolimwa na watumwa kwenye mashamba ya Unguja na Pemba, zaidi tangu sultani Seyyid Said alipohamisha makao yake kutoka Maskati kuja hapa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ingine ni pembe. Pembe za Afrika ya kati zilipita kwenye bandari hii kwenda Bombay, London na Marekani, kutengenezwa vitana, mipira ya biliadi na funguo za piano. Kutoka Marekani ilirudi nguo nyeupe ya pamba ambayo mpaka leo babu zetu wengine wanaiita amerikani.

Njia yenyewe wasomaji wetu wa Kalemie na Kasongo wanaijua hata bila kitabu. Kutoka pwani ya Bagamoyo mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Mtoa, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Upande wa Tanzania, miembe iliyopandwa na watu wa misafara bado inaonyesha sehemu walizopumzika.

Mbele ya mlango wa Shangani

Kwenye mtaa wa Shangani tukaingia kichochoro kimoja, kisha kingine, mpaka mbele ya nyumba ya orofa yenye mlango mkubwa wa kuchongwa. Si makumbusho, na mgeni anaitazama kutoka inje. Mwongozaji akasema kwa sauti ya kawaida:

– Hapa ndipo alipokaa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, miaka yake ya mwisho. Alifariki kisiwani humu mwaka wa 1905.

Vijana wakajipanga mbele ya mlango kwa picha ya kikundi. Mmoja wa wachuuzi wa Uvira alisimama katikati, mikono kifuani. Yeye ana sababu yake. Ni Mwislamu, na babu yake alitoka Kasongo. Nyumbani kwao walimwambia tangu utoto kwamba wao ni Waungwana, watu waliokuja na msafara, si watu wa porini.

– Muzee, kuya tupige foto. Huyu alikuwa wali wa kwetu!

Muzee mwalimu hakusogea.

– Mimi sitapigwa foto hapa.

Kimya kikaanguka. Mtu mmoja akajaribu kucheka, akaacha. Muzee akavua kofia, akaongea polepole kama darasani.

Alisema kwamba bibi mzaa baba yake hakusema jina la Tippu Tip. Alisema tu "Batambatamba". Watoto wakilia usiku walitishwa na neno hilo. Alisema kwamba Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anaeleza namna alivyopata kiti cha Utetera. Alisikia kwamba dada za sultani Kasongo Rushie walitekwa zamani. Akaenda akasema mmoja wao ndiye bibi yake wa upande wa mama. Sultani alikuwa amezeeka. Alifurahi kupata mjukuu, akamuachia inchi na pembe.

– Hakuingia kwa bunduki peke yake. Aliingia kwa kusema: miye ni ndugu yenu. Ndiyo sababu sitaki kusimama kwenye mlango wake kama mujomba anayetembelea nyumba.

Kijana wa Uvira alijibu, bila ukali lakini bila kurudi nyuma:

– Lakini muzee, Wabelgiji nao walimupatia kazi. Mbona tunamuchukia yeye peke yake?

Hapo kijana ana haki. Mwaka wa 1876 Stanley alikutana na Tippu Tip Maniema na kumuahidi dola elfu tano amsindikize kwenye Lualaba. Mwaka wa 1887 mfalme Leopold II alimfanya wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Miaka michache kisha, jeshi la Leopold likapigana na Waarabu wa Maniema. Mwaka wa 1893 Nyangwe na Kasongo zilianguka, Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akauawa. Wakati huo baba yake alikuwa amekwisha rudi Unguja. Kwa wanakijiji, bwana mmoja alitoka, mwingine akaingia na mpira.

Muzee alikubali kwa kichwa.

– Sikusema yule wa pili alikuwa muzuri. Nimesema tu sitapigwa foto.

Picha ikapigwa bila yeye. Nilitazama baadaye kwenye simu: yule kijana wa Uvira aliyekuwa katikati alikuwa amehamia pembeni.

Sombe, kisamvu na lugha ya waungwana

Saa sita tulikuwa na njaa. Kwenye mkahawa mdogo tulikula pilau, samaki wa nazi na kitu ambacho mama wa Butembo alikitambua mara moja.

– Hii ni sombe!

– Ni kisamvu, mama, alisema mhudumu.

– Sombe ya kutia nazi. Muko banyeusi kama siye, lakini mafuta ya ngazi munaikosa.

Meza yote ikageuka darasa. Sisi tunasema "muchele" hata ukiwa umepikwa; wao wakishaupika unakuwa "wali". Sisi tunasema "bato", wao "boti". Sisi "lenga-lenga", wao "mchicha". Kila neno lilileta kicheko, lakini wanafunzi wa Goma walisema kwamba Dar huwa wanachekwa kwa namna wanavyoongea, na wakati mwingine wanaona haya kufungua kinywa.

Muzee mwalimu akawaambia wasione haya. Kiswahili kinachofundishwa mashuleni Tanzania na Kenya kilichaguliwa katika wakati wa Waingereza, mwisho wa miaka ya 1920, kufuatana na namna watu wa Unguja walivyosema. Chetu kilifika kwa njia ingine: kwa miguu, kwenye midomo ya wapagazi, askari, wapishi na wanawake waliotekwa, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kisha kikaingia kwenye kambi za kazi za Katanga na kwenye masoko ya Kivu. Leo ni lugha moja kati ya lugha nne za taifa la Congo, pamoja na lingala, kikongo na tshiluba.

Wazungu waliandika jina lake: Kingwana, lugha ya waungwana. Na muungwana, kwa Kiswahili cha pwani, ni mtu aliyezaliwa huru.

– Sasa fikirini, alisema muzee. Wengi walioibeba hawakuwa huru. Ndiyo maana walitaka kuitwa waungwana. Mtu anatafuta jina la kitu alichonyanganywa.

Kijana wa Uvira alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

Mkunazini

Kisha chakula tulipita kwenye baraza moja ambapo wazee wanacheza bao na kunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka Mkunazini.

Hapa ndipo palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 juni 1873, kwa kulazimishwa na Waingereza, sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikani wakaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wake. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo: sheria ya kuuondoa Unguja ilitoka mwaka wa 1897 tu.

Ndani ya kanisa, mbele ya altare, kuna mviringo wa marumaru nyeupe uliozungukwa na rangi nyekundu. Inasemwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia. Ukutani kuna msalaba uliotengenezwa kwa ubao wa mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Watu wa Maniema wana sababu ya kulikumbuka jina la Livingstone: tarehe 15 julai 1871 alikuwa Nyangwe, aliona wafanyabiashara wakipiga risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wanawake waliokuja kuuza. Tippu Tip hakuwepo siku hiyo. Habari ile ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya waliotaka soko la Unguja lifungwe. Nyuma ya altare amezikwa askofu Edward Steere, mmoja wa Wazungu wa kwanza kuandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja.

Kwa hiyo mahali pamoja pana soko ambapo watu waliuzwa, na kaburi la mtu aliyeandika sarufi ya lugha tunayoongea.

Karibu na kanisa tulishuka kwenye vyumba viwili vya chini, dari fupi hata mama wa Butembo, ambaye si mrefu, aliinama. Kuna tundu nyembamba za kuingiza hewa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesoma kwamba wanahistoria kadhaa wana mashaka: nyumba iliyo juu ilijengwa na wamisionari kisha soko kufungwa, kwa hiyo huenda vyumba hivi havikufungiwa watumwa. Aliuliza wazi. Mwongozaji hakukasirika.

– Mjadala upo. Lakini soko lilikuwa hapa, hilo hakuna anayelikataa.

Aliongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulitazamia. Wengi waliouzwa hapa walitoka upande wa ziwa Nyasa, kusini. Watu wa Maniema waliotekwa, sehemu kubwa walibaki njiani: wapagazi, wakulima, askari wa misafara yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo kuna Wamanyema Ujiji, Tabora na Dar es Salaam, na Buyenzi huko Bujumbura. Wengine walifika mpaka hapa kisiwani.

Inje, katika shimo la mraba, kuna sanamu za watu watano wa mawe, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs. Hatukupiga picha ya kikundi. Hakuna aliyekataza, haikutokea tu. Muzee alishika ukuta wa shimo kwa mikono miwili. Baada ya kitambo, kijana wa Uvira alikuja kusimama karibu naye.

– Muzee, siye tulisema tulikuja na msafara. Sikupata kuuliza: tulikuja kama nani?

– Jina la ukoo wenu mbele ya kuitwa Waungwana lilikuwa nani?

– Sijui.

– Basi ulizia kwenu wakati wazee wangali hai.

Kwa wanaotaka kwenda

Wakongomani wengi wanapita Dar kila mwaka kwa biashara na wanarudi bila kuvuka. Siku moja inatosha kwa Mji Mkongwe, kama unapanda bato ya asubuhi na kurudi ya jioni. Usisahau paspoti. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, maana wakaaji wengi ni Waislamu na vichochoro ni nyumbani kwao. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, na patana bei mbele ya kuanza. Beba maji. Na usiache Mkunazini mpaka mwisho wakati miguu imechoka na akili iko kwenye soko la Darajani, panahitaji muda.

Mkiwa kikundi ni vizuri zaidi. Mtu peke yake angetazama milango na kurudi na picha. Sisi tulirudi na maswali tuliyoulizana.

Kwenye bato ya jioni upepo ulikuwa umetulia. Mama wa Butembo aligawa viungo alivyonunua Darajani, karafuu na mdalasini, kila mtu kipimo chake. Vijana wawili walikuwa wamelala. Yule wa Uvira alikuwa na simu sikioni, anapiga kelele juu ya sauti ya mashini. Alikuwa anaongea na shangazi yake aliye Kasongo. Alipokata nilimuuliza amesema nini.

– Amecheka kwanza. Kisha akanyamaza. Amesema mambo ile haiongelewi kwa telefone, mpaka niende mwenyewe.

Muzee mwalimu, kofia magotini, alimwambia kwamba mwezi wa nane yeye anarudi Kasongo, na kwamba barabara ya kutoka Uvira ni mbaya lakini kwa watu wawili inapungua.